Njia Tatu za Kuvuka Tanganyika Wakati wa Sikukuu

Hapa Nyarugusu mtu akikuuliza "Ulipitia njia gani?" unajua anataka habari ya kukimbia. Ni swali la mapokezi, la usaili, la fomu. Mtoto aliyezaliwa kambini amelisikia mara nyingi mpaka anafikiri Ziwa Tanganyika liliwekwa pale ili watu walivuke usiku wakilia. Lakini kabla ya 1996 swali hilohilo liliulizwa kwa furaha kila mwezi wa kumi na mbili. Waliouliza walikuwa watu wenye likizo ya wiki mbili, ndugu katika nchi mbili au tatu, na pesa isiyotosha kukosea njia. Sisi watu wa Fizi na Uvira tulikuwa wasafiri kwanza, ukimbizi ulikuja baadaye. Nataka kuandika historia hiyo, maana wazee wanaoijua wanapungua, na ndugu zetu wa mashirika wanaofanya kazi na sisi mara nyingi hawajawahi kuisikia.

Tuanze na ziwa lenyewe. Lina urefu wa kilomita 673 hivi, kutoka mdomo wa mto Rusizi kaskazini mpaka Mpulungu kule Zambia. Upana wake ni kama kilomita 50 kwa wastani. Nchi nne zinaligawana: Kongo, Tanzania, Burundi na Zambia. Kwa mtu wa Baraka, Kinshasa ni mji wa kusikia redioni, lakini Kigoma ni mji ambao dada yako ameolewa. Pande zote mbili watu wanasema Kiswahili, wanakula samaki haohao. Sisi tunasema ndagala, wao wanasema dagaa, na mkiwa kwenye sahani moja hakuna anayebishana.

Zamani hakukuwa na kuchagua sana. Aliyetoka pwani ya bahari kuja ziwani alitembea. Njia ya misafara ilitoka Bagamoyo, ikapita Tabora, ikaishia Ujiji, na ilikula miezi. Burton na Speke walianza safari katikati ya 1857 wakafika Ujiji mwezi wa pili 1858. Stanley alitoka Bagamoyo Machi 1871 akamkuta Livingstone pale Ujiji Novemba mwaka huohuo. Ndani ya misafara hiyo walikuwamo wapagazi wa kulipwa na wafanyabiashara, na walikuwamo pia watu waliofungwa minyororo, wengi wao wametoka upande wetu wa ziwa, kutoka Manyema na kwingineko. Hao hawakuulizwa wapite wapi. Kwa hiyo tusidanganyane kwamba kukimbizwa na kuhamishwa kwa nguvu kulianza na vita vya wakati wetu.

Jambo moja la safari ile huwa linasahauliwa. Baada ya kukutana, Stanley na Livingstone hawakukaa tu Ujiji wakipiga hadithi. Walipanda mtumbwi mkubwa wenye wapiga makasia, wakafuata ufuko kwenda kaskazini mpaka Rusizi. Walitaka kujua kama mto ule unatoka ziwani au unaingia. Walikuta unaingia. Wavuvi wa pale walikuwa wanajua hivyo tangu mababu. Mimi ninachokiona katika safari hiyo ni njia yenyewe: Ujiji mpaka Rusizi, kijiji kwa kijiji, kulala nchi kavu, kuondoka alfajiri. Hiyo ndiyo njia ambayo watu wetu waliendelea kuitumia miaka mia moja baadaye, isipokuwa makasia yalibadilishwa na injini.

Mabadiliko makubwa yalikuja na chuma. Wajerumani walianza kujenga reli kutoka Dar es Salaam mwaka 1905. Ilifika Morogoro 1907, Tabora 1912, na Kigoma mwanzoni mwa 1914. Ni zaidi ya kilomita 1,200. Ng'ambo, Wabelgiji nao walikuwa wanajenga yao, kutoka Kabalo kwenye mto Lualaba mpaka Albertville, mji ambao leo ni Kalemie. Ilifika ziwani 1915. Kwa hiyo katika muda mfupi ziwa letu likawa na reli pande zote mbili, zikiangaliana, na maji katikati.

Na juu ya maji hayo ikaja meli. Wengi wenu mnaijua kwa jina la Liemba. Ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikiitwa Graf von Götzen. Ilifunguliwa vipande vipande, ikawekwa kwenye masanduku kama 5,000, ikasafirishwa kwa bahari hadi Dar es Salaam, kisha kwa treni hadi Kigoma, ikaunganishwa upya. Ilishushwa majini mwezi wa pili 1915, vita vikiwa vimeshaanza, kwa hiyo abiria wake wa kwanza wakawa askari. Julai 1916, Wajerumani wakirudi nyuma, waliizamisha wenyewe karibu na mdomo wa mto Malagarasi ili adui asiipate. Wahandisi wake walizipaka injini mafuta mazito ili zisiliwe na kutu. Mwaka 1924 Waingereza waliitoa ziwani, na Mei 1927 ikaanza kubeba abiria ikiwa na jina jipya, ambalo ni jina la zamani la sehemu ya kusini ya ziwa hilohilo.

Tangu hapo kuchagua njia kukawa jambo la kweli. Kwa mkataba wa 1921 Wabelgiji walipewa na Waingereza sehemu zao za bandari Kigoma na Dar es Salaam, ambazo watu waliziita Belbase. Mtumishi wa Kibelgiji wa mashariki ya Kongo aliyetaka kwenda likizo kwao aliweza kushika njia ya magharibi, akabadilisha treni na meli za mto mara nyingi mpaka Matadi. Au alivuka kwenda Kigoma, akapanda treni moja mpaka bahari ya Hindi. Wakongomani na Warundi nao walipanda, lakini daraja la tatu, na mara nyingi walikwenda kutafuta kazi. Likizo ilikuwa neno la wachache. Sisi wengine tulianza kuipata baada ya uhuru, kupitia shule na kazi ya serikali.

Sasa nifike kwenye hesabu yenyewe, kama ilivyofanywa nyumbani kwetu Baraka mwaka 1986. Nilikuwa mwaka wa tano wa shule ya msingi. Baba alikuwa mwalimu, na likizo ya Noeli ilikuwa ya wiki mbili. Shangazi yake mzee alikuwa Bujumbura, mtaa wa Buyenzi, ambako Kiswahili kinasemwa mpaka leo kuliko mitaa mingine ya mji ule. Kaka yake mkubwa alikuwa Ujiji. Wote wawili walikuwa wametuma salamu kwamba wasipotuona mwaka huo wasisikie tena visingizio. Nchi mbili, likizo moja. Baba alichukua daftari, akachora mistari mitatu.

Mstari wa kwanza ulikuwa boti. Hapo namaanisha boti la mbao lenye injini ya nyuma, lile linalobeba watu, mbuzi, mafuta ya mawese na magunia ya mihogo pamoja. Kutoka Baraka unazunguka kwanza rasi ya Ubwari, halafu unakata ziwa kwenda Kigoma. Boti lilikuwa na faida zake: nauli ndogo, mizigo mingi, na unashuka karibu na watu wako. Hasara yake ilikuwa upepo. Kila mtu wa ziwa anajua kwamba upepo wa kusini wa miezi ya kiangazi unaweza kuinua mawimbi makali, na mvua za Desemba nazo zina dhoruba zake za ghafla. Tena miaka ile askari walikuwa na wasiwasi na kila kinachotembea usiku ziwani, kwa sababu wapiganaji wa Kabila walikuwa wameshambulia Moba mwaka 1984 na tena 1985. Na boti lilikuwa linakupeleka Kigoma moja kwa moja. Shangazi wa Buyenzi angebaki anangoja.

Mstari wa pili ulikuwa barabara tupu. Baraka mpaka Uvira kwa lori, Uvira mpaka Bujumbura kwa gari dogo, halafu kusini kupitia Nyanza-Lac mpaka mpaka wa Manyovu, na kuteremka Kigoma. Hapa mambo ya karatasi yaliingia. Zaire, Rwanda na Burundi zilikuwa zimeunda jumuiya yao mwaka 1976, ile tuliyoiita CEPGL, na mtu wa Uvira alivuka kwenda Bujumbura kwa karatasi nyepesi. Wengine walikwenda sokoni asubuhi wakarudi jioni. Lakini Tanzania haikuwa ndani ya jumuiya hiyo. Ukifika Manyovu, kile kikaratasi chako kilikuwa kimeisha nguvu, unahitaji kingine. Na lori la Baraka mpaka Uvira wakati wa mvua, wale wanaolijua wanalijua. Unaweza kuifunga nusu ya likizo kwenye tope.

Mstari wa tatu ulikuwa kuchanganya. Barabara mpaka Bujumbura, kukaa kwa shangazi siku nne, halafu kupanda Liemba pale bandarini Bujumbura, maana siku zile ilikuwa inakwenda mpaka kule. Inaondoka alasiri, inasafiri usiku, asubuhi mko Kigoma, na afisa wa uhamiaji yuko palepale bandarini na meza yake. Ilikuwa njia ya gharama kubwa zaidi. Lakini ni njia pekee iliyokuwa na ratiba.

Mama hakukubali haraka. Nakumbuka maneno yake kwa sababu aliyarudia mpaka tukayajua. "Baba wa watoto," alisema, "wewe unahesabu nauli. Hesabu na chakula. Njiani watu saba wanakula mara ngapi?" Baba akajibu kwamba kwenye boti pia watu wanakula. Mama akasema, "Kwenye boti wanatapika, hawali." Tukacheka wote, na baba akafuta mstari wa kwanza. Kisha mama akamwambia jambo ambalo yeye mwalimu hakuwa ameliandika daftarini: kurudi. Kwenda mko wepesi, kurudi mna mizigo. Tulikuwa tunategemea kuleta chumvi ya Uvinza, sabuni na vitenge. Ukirudi na vitu hivyo kupitia mipaka miwili, kila meza itataka kuvifungua. Boti likitoka Kigoma linakuteremsha Baraka na magunia yako.

Kwa hiyo waliamua kwenda kwa mstari wa tatu na kurudi kwa wa kwanza, kwa sharti la mama kwamba siku ya kurudi itachaguliwa na mwenye boti mzee, si na kalenda ya shule. Na kweli tulikaa Kibirizi siku mbili tukingoja ziwa litulie. Tulilala kwa ndugu wa ndugu. Shule ilifunguliwa bila mwalimu mmoja.

Liemba ile niliiona kama mji. Juu kulikuwa na vyumba vya daraja la kwanza, na sisi tulikuwa chini kwenye mabenchi, kati ya mananasi na vikapu. Nilimsikia mzee mmoja wa Kirundi akimweleza mwenzake jinsi meli hii ilivyolala chini ya maji miaka minane, na mwenzake akakataa kuamini. Mimi nilikuwa nasikiliza, na nadhani siku hiyo ndipo nilipoanza kupenda historia. Nilijua kwamba kitu nilichokalia kilikuwa na mambo yake kabla yangu.

Miaka kumi baadaye, Oktoba 1996, vita vilifika Uvira, vikashuka Fizi. Hakuna aliyetoa daftari. Watu walikwenda penye boti, na boti lilikwenda penye giza. Bei haikuulizwa, mtu alitoa alichokuwa nacho, saa, baiskeli, kitenge. Waliokuwa na ndugu Kigoma na waliokuwa hawana walifika ufuko mmoja. Kambi yetu hii ilifunguliwa mwaka huohuo, wilaya ya Kasulu, na wengi wetu tuliingia humo tukiwa bado na mchanga wa Kibirizi kwenye nguo.

Mwaka 1997, baada ya Mobutu kuanguka, Liemba ilikodiwa kurudisha wakimbizi wa Kikongo. Ilikwenda na kurudi kati ya Kigoma na Uvira mpaka watu zaidi ya 75,000 wakarudi. Wengi wao walikimbia tena vita vya pili vilipoanza Agosti 1998. Halafu Mei 2015 ikaitwa tena, safari hii kwa ndugu zetu Warundi. Maelfu kwa maelfu walikuwa wamekwama Kagunga, kijiji cha ufukoni kilichobanwa na milima, ambacho wakati huo hakikuwa na barabara ya gari. Kipindupindu kikaingia, kikaua. Liemba ilikuwa inabeba watu kama 600 kwa mkupuo, inawashusha Kigoma, na kutoka hapo mabasi yakawaleta Nyarugusu. Baadhi ya majirani zangu wa sasa walikuja hivyo. Nilipomwambia mmoja wao kwamba mimi nilipanda meli hiyohiyo nikila nanasi, alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Kumbe ni meli ya watu!"

Ninaandika haya kwa sababu mbili.

Ya kwanza ni ya vijana. Ukisema njia zetu zote ni za kukimbia, unakubali kwamba mpaka ni ukuta ambao mtu huuvuka akiwa na hofu tu. Historia haisemi hivyo. Watu wetu walikuwa wanajua karatasi gani inatosha wapi, upepo gani unakuja mwezi gani, nani wa kulala kwake Kibirizi. Huo ni ujuzi. Na hatari nazo walizijua. Desemba 2014 meli ya MV Mutambala ilizama ziwani upande wa Katanga, na watu zaidi ya 120 walikufa. Mwenye kukumbuka daftari la baba yangu anaelewa kwamba siku za karibu na sikukuu ndizo siku ambazo watu wengi wanataka kupanda chombo kimoja, na ndizo siku za kusema "tutangoja kesho" bila aibu.

Ya pili ni ya leo, na hapa nawaomba ndugu zetu wa mashirika wasikilize vizuri. Mwezi wa kumi na mbili unapokaribia, simu zinaanza kuita kutoka Baraka, Uvira, Bujumbura. Njoo Noeli hii, mama amezeeka. Njoo, tunaoza binti. Kwa Sheria ya Wakimbizi ya Tanzania ya mwaka 1998, mkimbizi anakaa eneo alilopangiwa na hatoki bila kibali. Tena, anayerudi kutembelea nchi aliyoikimbia anaweza kuulizwa kama bado anahitaji hifadhi. Kwa hiyo safari ambayo baba yangu aliipima kwa nauli na tope, sisi tunaipima kwa hadhi yetu yote ya kuishi hapa. Wengine wanazima simu ili wasisikie. Wengine wanaondoka kimyakimya, na hao ndio wanaopanda boti bovu usiku, kwa sababu boti zuri la mchana lina meza ya afisa mbele yake.

Sisemi sheria ivunjwe. Nasema kwamba mtu akija ofisini kuuliza kuhusu kwenda kuona mama yake, asijibiwe kana kwamba ameuliza jambo la ajabu, na asichukuliwe kwamba hakukimbia kweli. Aelezwe wazi anachoweza na asichoweza: kibali kinaombwa wapi, safari ipi itagusa hadhi yake na kwa nini. Vilevile kwa Warundi wanaoulizwa kuhusu kurudi nyumbani kwa hiari. Mtu anayeamua kurudi anahitaji kilekile alichokihitaji mama yangu mwaka 1986: kujua njia zote, kuuliza habari ya kurudi na si ya kwenda tu, na kuwa na haki ya kusema upepo bado haujatulia.

Liemba yenyewe ilikaa miaka kadhaa Kigoma bila safari zake za kawaida, ikingoja matengenezo. Imepita miaka mia moja tangu itolewe majini. Wazee waliokuwa wanaipanda kwa likizo wako katika vijiji vyetu humu kambini, Wakongomani na Warundi. Wapo waliokuwa mabaharia wa maboti, na akina mama waliofanya biashara ya ndagala mpaka Mpulungu. Kila kijana anayesoma jarida hili amtafute mzee mmoja kabla ya Noeli, amwulize swali letu lakini kwa maana yake ya zamani: mlipokuwa mnakwenda sikukuu, mlipitia njia gani, mlilipa nini, mlilala kwa nani? Aandike majibu kwa mkono, na majina ya bandari kama mzee anavyoyatamka. Alete. Tutayachapa katika toleo lijalo, na tukipata ya kutosha tutachora ramani.